Sugu Haijengwi na Maumivu

Nusu saa ya kwanza ya kulima na mpini mpya mara nyingi huisha hivi: mtu anasimamisha jembe, anafungua kiganja, na pale vidole vinapoota kutoka kiganjani anakuta alama tatu nyekundu. Moja imeshainuka na kujaa maji. Hatua chache kando yake yupo mwenzake, ameshika mpini wa mti uleule, kwa muda uleule, kwenye udongo uleule. Kiganja chake kikavu, chini ya kila kidole ana kibonge kigumu cha rangi ya manjano, wala hana habari na lolote.

Msuguano mmoja, majibu mawili.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Jibu la haraka ni kwamba yule wa pili kazoea. Sawa, lakini kazoeaje? Ngozi yake nayo ilianza ikiwa laini. Ikiwa msuguano ndio uliomtoa malengelenge huyu, na msuguano ndio uliomwotesha sugu yule, basi kuna mahali njia zao ziliachana. Ukisikiliza ushauri unaotolewa kwa wanaoanza gitaa, makasia, vyuma au jembe, utadhani njia ni moja tu: vumilia, acha malengelenge yatoke, yapasuke, yapone, na hapo sugu itakuja yenyewe.

Ushauri huo ni mbaya. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, kisha nitaingia kwenye mambo ya vitendo, maana huko ndiko watu wanakoharibikiwa.

## Saa mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti

Ngozi ya juu hujengwa kuanzia chini. Seli huzaliwa kwenye safu ya chini kabisa, husukumwa juu na zinazozaliwa baada yake, hujijaza keratini, protini ngumu ya ngozi na kucha, njiani, na zikifika juu huwa zimekufa, bapa, zimelaliana kama vigae vya paa. Safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Sehemu nyingi za mwili, tabaka hilo la seli zilizokufa lina unene wa milimita 0.01 hadi 0.02 tu. Kiganjani na unyayoni ni nene mara nyingi zaidi ya hapo, na kwenye kisigino cha anayetembea pekupeku linaweza kupita milimita moja.

Unene huo wa kiganja na unyayo haukuletwa na kazi peke yake. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba ngozi ya unyayo wa mtoto ni nene kuliko ya sehemu nyingine hata kabla hajazaliwa. Mbuni naye hutoka kwenye yai akiwa tayari ana sugu mahali atakapokuja kugusisha chini akilala, na jambo hilo lilimshughulisha sana mwanabiolojia Conrad Waddington mwaka 1942. Kwa hiyo mwili una mpango wake wa tangu awali. Kazi huja kuongezea tu.

Inaongezeaje? Ngozi ikivutwa na kubanwa mara kwa mara, seli za safu ya chini huanza kugawanyika kwa kasi zaidi. Huenda juu kwa haraka, bila kukomaa sawasawa, na vifungo vya protini vinavyozishikanisha huongezeka. Zilizokufa haziachiani na kudondoka kama kawaida, hivyo tabaka hurundikana. Lakini yote hayo hufuata mwendo wa safari ya seli, na mwendo huo ni wa wiki.

Lengelenge hufuata mwendo mwingine kabisa.

Ukishika mpini kwa nguvu na kuuvuta, ngozi ya nje inabaki imeng'ang'ania mti huku mfupa ulio ndani ukienda upande wake. Nyama iliyo katikati inavutwa pande mbili. Mvuto huo ukirudiwa mara mamia, kinachochoka kwanza ni safu ya katikati ya ngozi ya juu, yenye seli ambazo bado zi hai. Seli hizo huachana, ufa hufunguka, na ndani ya saa mbili hivi majimaji yanayofanana na yale ya damu hujaa humo. Ndiyo maana malengelenge ya msuguano hutoka zaidi viganjani na nyayoni: panahitajika paa gumu, lililoshikamana na kilicho chini yake, ili ufa upate kubaki ndani. Kwenye ngozi nyembamba ya mkono wa juu, msuguano huohuo ungechubua tu.

Kuchanika ni suala la dakika. Kunenepa ni suala la wiki.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Wote wawili walipata msuguano. Mmoja aliupata kwa dozi ambayo safu ya katikati iliweza kuibeba, akapumzika, akaupata tena. Mwingine alipewa dozi ya mwezi mzima kwa nusu saa.

## Je, lengelenge si mwanzo wa sugu?

Hapa nilisita kwa muda mrefu, kwa sababu kuna hoja nzito upande wa pili. Baada ya lengelenge kutoka, seli za chini yake haziko kimya. Saa 6 baadaye zimeanza kukusanya vya kujengea. Saa 24 baadaye zinagawanyika kwa kasi kubwa. Ikifika saa 120, yaani siku ya tano, tabaka jipya la seli zilizokufa limeshaanza kuonekana. Mtu anaweza kusema: si ndiyo kasi ileile inayojenga sugu?

Ni kasi ya kurudisha kilichopotea. Paa la lengelenge, ambalo ndilo lililokuwa na unene wote uliojengwa kwa mwezi mzima, limekufa na litabanduka. Kinachobaki chini ni ngozi ya siku tano, nyembamba na ya waridi. Anayerudi kazini siku ya sita akidhani sasa amekomaa anashika mpini kwa ngozi dhaifu kuliko aliyoanza nayo. Wengi hupata lengelenge la pili palepale, ndani ya la kwanza, na hilo huuma kweli.

Wanaoishia na mikono mizuri baada ya malengelenge wameipata kwa sababu waliendelea na kazi kwa miezi, kidogokidogo, baada ya jeraha kufunga. Jeraha liliwachelewesha.

## Dozi yenyewe

Ishara ya kufuata ni joto. Kabla ya lengelenge, mahali husika huanza kuwaka, kisha huwa pekundu na laini ukipabonyeza. Kuanzia hapo una dakika chache. Acha, au badili mshiko, au funika pahali hapo kwa plasta ya utepe iliyobanwa sawasawa, bila mikunjo. Wekundu unaopotea baada ya saa moja ni dozi nzuri. Pahali panapouma ukipagusa kesho yake asubuhi pamepata dozi iliyozidi, kwa hiyo siku hiyo ipunguze kwa nusu.

Kwa anayeanza gitaa la nyuzi za chuma, dakika 15 asubuhi na 15 jioni hujenga vidole haraka kuliko saa moja mfululizo mara tatu kwa wiki. Muda wa jumla unakaribiana, lakini ngozi hupata nafasi ya kujibu kila mara. Usipige mara baada ya kuoga au kufua, kwani ngozi iliyolowa huvimba na uzi hukata mfereji ndani yake. Bonyeza karibu kabisa na kile kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa, nyuma yake kidogo, na kwa nguvu inayotosha tu sauti kutoka safi. Wanaoanza hubonyeza katikati ya vijiti viwili, mahali ambapo nguvu inayohitajika ni kubwa zaidi, halafu wanailaumu ngozi.

Unyevu nao una hesabu yake, na hesabu hiyo huwashangaza wengi. Majaribio ya P.F.D. Naylor nchini Uingereza mwaka 1955 yalionyesha kwamba ngozi kavu sana huteleza, iliyolowa chapachapa nayo huteleza, lakini yenye unyevu wa wastani hung'ang'ania kuliko zote mbili. Jasho la kiganjani huangukia palepale pabaya. Kukausha mikono kila baada ya dakika chache, kwa kitambaa kikavu au unga wa chaki kwa wanaoning'inia kwenye vyuma na miamba, kunafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kukomaza ngozi. Kutemea mate viganja, ambako kila mchimbaji amewahi kukuona, kunaongeza mshiko kwa sababu ileile inayoleta malengelenge.

Kuna wanaojipaka spiriti kwenye vidole ili sugu ije haraka. Spiriti hukausha tu. Ngozi huwa ngumu kwa siku mbili tatu, kisha hupasuka.

## Mchagua jembe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa habari ya uvivu walisema kweli. Kwa habari ya ngozi, jembe lichaguliwe, tena kwa makini.

Mpini mwembamba hulazimisha vidole kujikunja sana na kubana. Mnene sana hauzungukiki, na mkono hubana zaidi ili usiponyoke. Kwa mikono mingi ya watu wazima, kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 kinashikika bila kukabwa. Mpini uliopakwa vanishi inayong'aa ni adui mkubwa: ukikutana na jasho hunata, na kila kuvuta huja na ngozi. Ondoa vanishi kwa msasa namba 120, malizia na 220, kisha paka mafuta ya kitani, yaache yaingie, futa yaliyobaki juu. Matambara yenye mafuta hayo yatandazwe nje yakauke, maana yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Angalia pia jembe lililolegea kwenye mpini. Likizunguka hata kidogo kila linapogonga ardhi, mkono hubana ili kulizuia, na mzunguko huo mdogo ndio unaochana ngozi. Kaza kwanza, lima baadaye.

Glavu zisaidie, zisiongeze tatizo. Glavu pana hujikunja kiganjani, na kila mkunjo ni mstari wa lengelenge. Iliyo nene sana humfanya mtu abane kwa nguvu zaidi kwa kuwa hausikii mpini. Inayofaa imekamata mkono, na mishono yake haipiti chini ya vidole.

## Nene si lazima iwe nzuri

Wengi huona fahari kwa unene, nami naelewa kwa nini. Sugu ni ushahidi wa saa nyingi za kazi. Lakini waulize wanaoning'inia kwenye vyuma vya mazoezi au wanaopanda miamba ngozi yao hung'oka wapi, na watakuonyesha palepale penye sugu kubwa.

Sababu iko pembeni. Sugu iliyoachwa ikakua ovyo hujenga ukingo mrefu, na nyuma ya ukingo huo ngozi inarudi kuwa laini ghafla. Chuma kikivuta, hukamata ukingo. Sugu yote inakwenda kama kipande kimoja kigumu, na mvuto wote unaangukia kwenye ule mstari mwembamba ambapo ngumu inakutana na laini. Hapo hupasuka, na kipande kizima huinuka, wakati mwingine mpaka damu.

Kwa hiyo sugu unayoitaka ni bapa, pembe zake zinaisha polepole, na ukikunja kiganja inakunjika nacho. Unene wa kutosha kubeba kazi, basi.

Namna ya kuitunza kwa mikono: mara moja kwa wiki, au mbili kama unafanya kazi kila siku, pitisha msasa namba 150 hadi 220 juu ya sugu kavu. Nasisitiza kavu. Ngozi iliyolowekwa huvimba, utaona kama kuna kingi cha kuondoa, na utaondoa mpaka kwenye iliyo hai. Anza na kingo, si kilele. Pitisha kidole kila baada ya misuguo michache. Ukifumba macho na usisikie mahali sugu inapoanzia, imetosha. Pakianza kuwa pa waridi au pakipata joto, umeshapita. Fanya hivyo siku ya mapumziko au jioni baada ya kazi. Ngozi iliyotoka kusuguliwa msasa haipendi kushika chuma saa hiyohiyo.

Wembe uache kabisa. Hukata kina ambacho jicho halikioni.

Baada ya msasa, unyevu. Na hapa kuna jaribio ninalolipenda sana, la mtafiti wa ngozi Irvin Blank, mwaka 1952. Alichukua vipande vya sugu ya mguu vilivyokauka mpaka vikawa vinakatika. Alipovitia kwenye mafuta vilibaki vikavu na vya kukatika vilevile. Alipovipa maji vikalainika. Kinacholainisha sugu ni maji. Mafuta kazi yake ni kuyazuia yasitoroke. Viganja na nyayo havina tezi za mafuta kabisa, kwa hiyo havina kizuizi cha asili. Anayepaka mafuta ya mgando kwenye kiganja kikavu kama karatasi hapati anachotafuta. Nawa, futa maji yaliyozidi, paka mikono ikiwa bado na unyevunyevu, kisha ulale. Krimu yenye yurea asilimia 10 huvuta maji zaidi na inatosha kwa mikono. Asubuhi ya siku ya kazi usipake chochote.

## Mkono unasema umeshikaje

Mwaka 1948 daktari wa ngozi Francesco Ronchese, aliyefanya kazi Providence, Marekani, alichapisha mkusanyiko wa alama ambazo kazi mbalimbali huacha mwilini. Mtu mwenye jicho lililozoea anaweza kutambua fundi kwa mahali sugu ilipo. Ila mimi navutiwa zaidi na matumizi mengine ya jambo hilohilo: sugu iliyo mahali pasipo pake inakuonyesha kosa la mshiko.

Chukua chuma cha kunyanyulia uzito. Sugu ikiwa katikati ya kiganja, unakishika kiganjani. Uzito ukikivuta kwenda kwenye vidole, kinakunja ngozi mbele yake na kuibana. Kiweke tangu mwanzo kwenye mstari ambapo vidole vinaanzia, ili kisiwe na mahali pa kuhamia.

Kwa mpiga makasia anayeshika kasia moja kwa mikono miwili, mkono mmoja hugeuza kasia na mwingine huliacha lizunguke ndani ya vidole. Ule usiogeuza ukiwa na sugu nene kiganjani, unabana pasipo sababu. Makasia hushikwa kwa vidole. Kiganja kikishiriki sana kuna jambo.

Mpishi anayeshika kisu sawasawa, kidole gumba na cha shahada vikiibana bapa ya kisu karibu na mpini, huota sugu kwenye shina la kidole cha shahada, pale mgongo wa kisu unapokaa. Hiyo ni ya haki. Ikimuuma, achukue msasa namba 400 na kuviringisha makali ya mgongo wa kisu kwa dakika kumi, na pataacha kuuma. Akiwa na sugu kubwa ndani ya kiganja, kwenye mpini, anakikaba kisu au anakata kwa kisu butu.

Mpiga gitaa: sugu iwe kwenye ncha ya kidole, nyuma kidogo ya kucha. Ikiwa pembeni, vidole vinalala. Ikiwa nzito mno kwa muda uliopiga, pima umbali kati ya uzi mnene na kijiti cha 12. Ukizidi milimita 3, gitaa linataka kurekebishwa. Au weka seti ya nyuzi nyembamba, inayoanzia inchi 0.010 badala ya 0.012.

Mwandishi wa kalamu ana ya kwake, ubavuni mwa kidole cha kati. Fundi wa vigae ana za magotini. Mpiga fidla ana alama chini ya taya.

Na kuna wale ambao kazi imewatoa kitu badala ya kuwaongezea. Waashi wengi hukataliwa na mashine za alama za vidole. Matofali na mchanga husaga mistari ya vidole, na saruji mbichi, yenye alikali kali, huila ngozi inayobaki. Mashine inaona kidole tupu. Mistari haijafutika kabisa, maana umbo lake limechorwa kwenye safu ya chini ya ngozi, na ikipata wiki chache bila saruji hurudi. Anayejua ana miadi ya kuchukuliwa alama avae glavu za mpira wiki tatu au nne kabla, na alainishe vidole kila usiku. Inaniuma kwamba watu wenye mikono iliyofanya kazi kuliko yetu sote ndio wanaoambiwa warudi kesho.

## Lengelenge likishatoka

Dogo lisilouma, liache lilivyo, lifunike. Lenye damu ndani liache pia.

Kubwa lililovutika na linalozuia kazi, litoboe. Nawa mikono kwa sabuni, safisha pahali penyewe, pangusa sindano kwa spiriti. Toboa ukingoni, tundu moja au mawili, mahali ambapo maji yatashuka yenyewe. Bonyeza taratibu kwa kitambaa safi. Paa lisiondolewe, ndilo bendeji bora uliyo nayo. Litajaa tena, kwa hiyo rudia mara mbili tatu ndani ya siku ya kwanza, mpaka paa lishike chini. Mafuta ya mgando kidogo, shashi, plasta.

Ikiwa limeshachanika na ngozi inaning'inia, kata kwa mkasi safi kile kilichokufa na kukauka tu, na usiache kidonda kikauke wazi. Kidonda kikavu cha kiganjani hupasuka kila unapofungua mkono. Joto linaloenea, usaha, au mstari mwekundu unaopanda mkononi ni habari ya hospitali, siku hiyohiyo.

## Miguu, ambako mambo yanageuka

Nilikuwa na hakika kwamba unyayo mgumu humpotezea mtu hisia ya ardhi. Inaonekana kama jambo lililo wazi. Kisha, mwaka 2019, watafiti Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao wakachapisha vipimo vya watu wa Kenya na Marekani, wanaotembea pekupeku na wanaovaa viatu. Waliozoea pekupeku walikuwa na sugu nene na ngumu zaidi, kama ilivyotarajiwa. Hisia za unyayo hazikuwa zimepungua. Sugu ngumu hupitisha mtikisiko mpaka kwenye vipokezi vilivyo ndani, wakati soli laini na nene huumeza njiani.

Kwa hiyo sugu pana, sawia, ya unyayo mzima ni kiungo kizuri, na sioni sababu ya kuipigia vita. Ya kupigwa vita ni ile ya sehemu moja.

Sugu ndogo ya duara juu ya kidole cha mguu au kati ya vidole, yenye kiini kigumu katikati kinachochoma, imeletwa na kiatu. Ukiibonyeza moja kwa moja inauma. Ikiuma zaidi ukiibana kwa pembeni, ina vidoti vyeusi, na mistari ya ngozi inaizunguka bila kupita juu yake, hiyo ni chunjua, na dawa yake ni nyingine. Kiini unaweza kukilainisha kwa plasta ya asidi ya salisiliki ya asilimia 40, iliyokatwa ikae juu ya sugu tu bila kugusa ngozi nzima. Lakini kiatu kisipobadilika, kitarudi. Simama juu ya karatasi, chora mguu wako, weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukionekana pembeni mwa kiatu, jibu umelipata.

Magaga ya kisigino yana hesabu yake. Ukikanyaga, mafuta yaliyo chini ya kisigino hutanuka kwenda pembeni. Ukingo mnene na mkavu hauwezi kutanuka nayo, hivyo unapasuka wima. Ndala na viatu vilivyo wazi nyuma huongeza, kwa kuwa hakuna cha kukizuia kisigino kutanuka. Hapa kuloweka kunaruhusiwa: dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu, jiwe la kusugulia miguu kwenye ukingo, krimu ya yurea asilimia 20 hadi 25, soksi, kulala. Itawasha kwenye nyufa zilizo wazi, kwa hiyo za kina zifunge kwa plasta kwanza mpaka zishike. Wiki mbili tatu zitaonyesha tofauti.

Kwa mwenye kisukari, karibu kila nililoandika kuhusu kujitibu mguu halimhusu.

Miguu iliyopoteza hisia haipati onyo la joto wala la maumivu. Sugu inakua mahali penye uzito mwingi, inakuwa kama kokoto ndani ya kiatu ambayo mtu haisikii, na chini yake nyama inasagika. Utafiti wa mwaka 1992 uliwapima wagonjwa wa kisukari kabla na baada ya kuondolewa sugu: mgandamizo wa juu kabisa chini ya unyayo ulipungua kwa asilimia 26. Kwa hiyo ziondolewe, lakini kliniki, kwa mikono ya aliyesomea. Wembe, tupa za chuma na plasta za asidi zikae mbali. Akaguliwe kila siku, kwa kioo au kwa jicho la mwingine. Doa jeusi au la zambarau ndani ya sugu ni damu iliyovuja, na huenda kidonda kimeshaanza chini yake. Asisubiri liume.

## Baada ya mapumziko

Misuli na ngozi hazisahau kwa kasi moja. Ukiacha kazi mwezi mmoja, nguvu za mkono zitakuwa zimepungua kidogo tu. Sugu itakuwa imekwenda karibu yote, kwa kuwa mwezi ndio umri wa seli zilizoijenga, na hakuna kilichoziambia zinazofuata ziharakishe. Mara nyingi hubanduka kwa mabamba, na watu huyavuta kwa meno. Yakatwe kwa mkasi mdogo.

Huu ndio wakati ambao wazoefu huumia kuliko wanaoanza. Mwili unawaambia wako tayari, mikono inashika kama zamani, na ngozi ni ya mgeni. Wiki ya kwanza fanya theluthi moja ya kazi uliyoiacha, ikigawanywa mara mbili kwa siku. Ya pili, nusu. Ya tatu, theluthi mbili. Pahali palipowaka leo papate plasta kesho kabla hujaanza, na msasa usiuguse mkono mpaka kuwe na ukingo wa kusawazisha.